Kujiandaa kwa Marathoni Mkiwa Mke na Mume: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vikwazo vya Wiki za Mwanzo

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanandoa wa Nakuru, Kisumu na kaunti nyingine za magharibi mwa Kenya ambao wameamua kukimbia kilomita 42.195 pamoja, kisha mambo yakaanza kwenda kombo kabla hata mwezi wa kwanza kwisha. Mimi na mume wangu tunaishi Nakuru, na maswali yaliyomo humu ni yale ambayo majirani, jamaa zetu wa Kisumu na wenzetu wa mazoezi wametuuliza tena na tena. Jambo ambalo nisingependa lipotee katikati ya maelezo mengi ni kwamba jeraha, homa au uchovu huupata mwili wa mtu mmoja, ilhali mpango wa mazoezi ni wa watu wawili, na masikitiko mengi niliyoyaona yametokana na kuyachanganya mambo hayo mawili.

Ni wiki ya tatu tu, na tayari mmoja wetu hawezi kukimbia. Je, tuache?

Hapana, isipokuwa kama siku ya marathoni yenyewe imekaribia mno. Mtu ambaye tayari anaweza kukimbia kilomita tano bila kusimama huhitaji wiki 16 hadi 20 za kujiandaa, na anayeanza bila msingi wowote ni heri ajipe karibu mwaka mzima. Kikwazo cha wiki ya tatu kina nafuu kubwa kuliko cha wiki ya kumi na tano, kwa sababu siku zilizo mbele yenu bado ni nyingi kuliko zilizopotea.

Pia ni vyema kuelewa kwa nini vikwazo hupenda kujitokeza wakati huo huo. Moyo na mapafu huanza kuzoea mazoezi ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huchukua miezi. Ndiyo maana katika wiki ya tatu au ya nne, pale pumzi inapoanza kutulia na mtu akajiona sasa amekuwa mkimbiaji, ndipo anapoongeza kilomita, na ndipo miguu inapolalamika. Huo si ushahidi kwamba hamkuumbiwa mbio. Eliud Kipchoge alikosa nafasi katika kikosi cha Kenya cha Olimpiki ya London mwaka 2012, na mwaka uliofuata alihamia marathoni na kushinda ile ya Hamburg. Simlinganishi na mtu anayekimbia kando ya barabara ya Njoro kabla ya kwenda kazini, ila nalitaja jambo hilo kwa sababu watu humkumbuka kwa ushindi tu na kusahau lililomfikisha huko.

Tutatofautishaje maumivu ya kawaida na jeraha?

Maumivu ya kawaida hukaa kwenye misuli, huwa ya pande zote mbili, hufikia kilele siku ya pili baada ya zoezi na hupungua ukitembeatembea. Jeraha huwa upande mmoja, hukaa mahali pamoja, huongezeka kadiri unavyokimbia, na hukufanya ubadilishe namna unavyokanyaga. Hilo la mwisho ndilo la kuzingatia zaidi ya yote, na hapa mwenzi ana faida kubwa, kwa sababu mtu hajioni akichechemea lakini anayemfuata nyuma humwona.

Kwa mume wangu yalikuwa maumivu ya muundi. Tulikuwa tumepanda hadi ukingo wa Menengai, kwenye mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kurudi akateremka kwa kasi kwa sababu mteremko unabembeleza. Jioni ile aliketi kwenye kigoda jikoni, akakunja suruali, nami nikambonyeza kwa kidole kimoja kuanzia juu ya kifundo cha mguu kupanda polepole kando ya mfupa. Maumivu yalienea kwa urefu wa kama kiganja, kwenye upande wa ndani wa muundi, bila kuwa na kitovu. Hiyo mara nyingi ni dalili ya mfupa na tishu zake kulemewa, na hutulia mtu akipumzika wiki moja au mbili kisha akarudi kwa uangalifu. Lakini kama maumivu yangekuwa makali mahali pamoja padogo kama sarafu ya shilingi, au kama yangemsumbua usiku akiwa amelala, tungelazimika kushuku ufa mdogo kwenye mfupa, na hapo hakuna kusubiri: ni kwenda hospitali, kupigwa picha na kuacha kabisa kukimbia hadi mtaalamu aruhusu. Picha ya kawaida ya eksirei inaweza isionyeshe ufa huo katika siku za mwanzo, kwa hiyo matokeo safi hayatoshi kumrudisha mtu barabarani iwapo kidole bado kinaonyesha mahali pale pale.

Je, tumeze dawa ya maumivu ili tusikose zoezi?

Hapana. Dawa huondoa onyo na kuacha tatizo. Tena dawa za jamii ya ibuprofeni, zikitumiwa na mtu anayetokwa jasho jingi na aliyepungukiwa na maji, zinaweza kuumiza figo.

Mmoja akiumia, mwingine aendelee au amsubiri?

Aendelee. Najua jibu hili huwakera baadhi ya watu, kwa kuwa wengi walioanza pamoja huona ni usaliti kutoka nje asubuhi huku mwenzako amelala na barafu mguuni. Sisi wenyewe tulikosea hapa. Mume wangu alipoumia, nilikaa nyumbani siku sita nikidhani namwonyesha upendo, na siku ya saba akaniambia kwamba kila asubuhi aliponiona nimeketi alijihisi ana deni, na ndiyo maana tayari alikuwa amejaribu kukimbia kisirisiri jioni moja akazidisha maumivu. Subira yangu ilimgharimu siku nyingine nne.

Tangu hapo tuna utaratibu ambao tumewashauri wengi. Mwenye afya hufanya mazoezi yake kama yalivyopangwa, isipokuwa haongezi kilomita wala kasi katika kipindi ambacho mwenzake yuko nje, ili pengo lisiwe kubwa mno. Aliyeumia naye habaki bila kazi. Huamka saa ile ile, huvaa nguo zile zile, na hufanya anachoruhusiwa: kuendesha baiskeli polepole, kuimarisha tumbo, nyonga na mashavu ya miguu, au kutembea. Kwa kutumia mkeka tu sebuleni mtu anaweza kufanya dakika 30 zenye manufaa makubwa. Kinacholindwa hapo ni saa ya kuamka, maana saa hiyo ikipotea kwa mwezi mzima, kuirudisha ni vigumu kuliko kuurudisha mguu.

Mmoja wetu ana mbio zaidi. Tukikimbia pamoja, mmoja huchoka na mwingine hukereka. Tufanyeje?

Hiki ni kikwazo cha mwanzo kinachovunja mipango mingi, na kina suluhisho rahisi. Kimbieni kwa dakika badala ya kilomita. Mkitoka langoni pamoja, kila mmoja aende kwa mwendo wake hadi dakika 25 zitimie, kisha kila mmoja ageuke pale alipofika na kurudi kwa mwendo ule ule. Mwenye kasi atakuwa mbele wakati wa kwenda, lakini akigeuka atakuwa nyuma, na mtakutana tena langoni karibu wakati mmoja. Mmoja atakuwa amekimbia kilomita nane na mwingine sita, na wote wawili watakuwa wamefanya zoezi la dakika 50. Mbali na usawa huo, kuna furaha ndogo ya kumwona mwenzako akija nyuma yako katika kipande cha mwisho, jambo ambalo hamlipati mnapokokotana.

Mara moja kwa wiki, hata hivyo, mkimbie bega kwa bega kwa mwendo wa yule aliye polepole, na mwenye kasi akubali kwa moyo mmoja kwamba hiyo ndiyo siku yake ya kupumzisha miguu. Haimpotezei chochote. Hata wakimbiaji wakubwa wa Iten na Kaptagat hufanya sehemu kubwa ya kilomita zao kwa mwendo wa taratibu. Kipimo ni mazungumzo: mkiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo unafaa.

Nilipata malaria katika mwezi wa kwanza wa mazoezi. Nirudi lini?

Swali hili hutoka sana kwa watu wa Kisumu, Siaya, Busia na Kakamega, na kwa watu wa Nakuru waliokwenda kuwatembelea wazazi. Ukanda wa Ziwa Victoria una malaria mwaka mzima, ilhali Nakuru iko juu na ina malaria kidogo, kwa hiyo mtu aliyezoea baridi ya Nakuru hana kinga ya kutosha na anaweza kuugua vibaya zaidi kuliko wenyeji wake. Mimi niliipata kwa njia hiyo. Tulikwenda kwa wakwe karibu na Dunga siku tatu, nikakimbia alfajiri kando ya ziwa nikiwa na kaptura, nikalala usiku mmoja bila neti kwa sababu wageni walikuwa wengi, na kama siku kumi baadaye, tukiwa tumesharudi Nakuru, viungo vikaanza kuuma. Nilidhani ni uchovu wa mbio. Kosa hilo ni la hatari, kwa sababu mkimbiaji anayeanza huwa na sababu tayari ya kila maumivu, na siku mbili zinaweza kupita kabla hajafikiria kupimwa.

Kanuni yetu sasa ni kwamba maumivu ya viungo yakiambatana na joto la mwili, kutetemeka au kichwa kuuma, mtu anapimwa damu siku hiyo hiyo, na akikutwa na malaria anamaliza dozi yote hata akijisikia nafuu siku ya pili. Homa haikimbiwi hata kidogo. Kukimbia ukiwa na homa, iwe ya malaria au ya mafua makali, huulemea moyo, na baadhi ya virusi vinaweza kuingia kwenye misuli yenyewe ya moyo.

Kuhusu kurudi, subiri hadi dozi iishe, joto liwe limeondoka kwa siku kadhaa na hamu ya chakula irejee. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, na hizo ndizo zinazobeba oksijeni, kwa hiyo usishangae ukipanda ngazi na kuhema. Mimi nilianza kwa kutembea dakika 20 kwa siku nne, kisha nikachanganya kutembea na kukimbia kwa wiki moja, na ilinichukua karibu wiki tatu kurudi nilipokuwa. Mume wangu, ambaye wakati huo muundi ulikuwa umepona, alitembea pamoja nami zile siku nne za kwanza. Wiki mbili baada ya kurudi pimeni kiwango cha damu iwapo uchovu unaendelea.

Mume wangu anafanya kazi Kisumu nami niko Nakuru. Tukilinganisha mazoezi kwenye simu, mmoja wetu huvunjika moyo. Je, kuna tatizo?

Tatizo liko kwenye ulinganisho. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu karibu mita 1,130. Mkimbiaji wa Nakuru anavuta hewa nyepesi, na wa Kisumu anapambana na joto na unyevu wa ziwa, ambavyo hupandisha mapigo ya moyo hata kwa mwendo mdogo. Dakika saba kwa kilomita kwenye barabara ya kwenda Lanet saa kumi na mbili asubuhi na dakika saba kwa kilomita pale Mamboleo saa nne asubuhi ni mazoezi mawili tofauti kabisa, na njia ya kupanda Riat ni jambo jingine tena.

Wanandoa wa aina hii nawashauri watumiane mambo mawili tu: wamekimbia dakika ngapi, na walihisi vipi kwa kipimo cha moja hadi kumi. Kasi iachwe ndani ya simu ya kila mmoja. Aliye Kisumu akimbie kabla jua halijapanda au baada ya kuzama, na ajihadhari na mvua za radi za alasiri. Mkikutana mwishoni mwa wiki baada ya safari ya kupitia Kericho, zoezi refu lifanyike asubuhi ya pili badala ya jioni ya kufika, kwa sababu miguu iliyokunjwa kwenye matatu kwa saa kadhaa haiko tayari kwa kilomita 16. Aliyepanda kutoka Kisumu aanze taratibu zaidi ya kawaida, na mwenyeji wake asimcheke akihema.

Tumechoka muda wote, ingawa hatujaumia. Shida ni nini?

Angalieni mambo matatu kwa mpangilio huu: usingizi, kiasi cha chakula, na madini ya chuma. Watu wengi huongeza saa tano za mazoezi kwa wiki bila kuongeza hata kijiko cha ugali, na mwili huanza kujila. Si lazima mnunue kitu chochote cha kigeni. Uji wa wimbi, viazi vitamu, nduma, githeri, ndengu, maharagwe, mayai, omena, samaki na mboga kama managu na terere vinatosha kabisa, mradi viwe vingi na viliwe kwa wakati.

Kuhusu chuma, wanawake wanaopata hedhi huwa hatarini zaidi, na ni jambo la kawaida mume akaendelea kupata nguvu huku mke akizidi kudhoofika kwa mazoezi yale yale na sufuria ile ile. Asilaumiwe kwa uvivu, apelekwe akapimwe damu. Tena kuna tabia yetu moja ambayo huchangia sana: kunywa chai pamoja na chakula. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka. Kunyweni chai yenu saa moja au zaidi baada ya kula, na mle machungwa, nyanya au mapera pamoja na maharagwe, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia. Nyumbani kwetu kuiondoa birika mezani wakati wa chakula cha jioni kulileta manung'uniko zaidi ya mabadiliko mengine yote, lakini ilisaidia.

Mazoezi yamezua ugomvi kuhusu watoto na kazi za nyumbani. Je, hilo nalo ni kikwazo cha mazoezi?

Ndicho kikubwa kuliko vyote, na ni kile ambacho watu huona haya kukitaja. Katika nyumba nyingi mume huamka, huvaa viatu na kutoka. Mke huamka nusu saa kabla yake ili awashe jiko, aandae nguo za shule na kutengeneza vyakula vya watoto, kisha hukimbia naye, kisha hurudi kukaanga mayai huku mume akijinyoosha barazani. Baada ya wiki nne mke anaugua au anaacha, na inasemwa kwamba mbio zimemshinda. Zilizomshinda ni kazi mbili zilizofanywa na mtu mmoja kwa jina la mpango wa wawili.

Kwetu mambo yalibadilika tulipoziandika kazi za asubuhi kwenye daftari lile lile la mazoezi. Ni daftari la kawaida la shule, limetungikwa kwa uzi kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni. Kila ukurasa una wiki moja na safu mbili. Upande wa juu kila mmoja anaandika alivyolala, mahali panapouma na dakika alizokimbia. Upande wa chini tunaandika nani anawaamsha watoto, nani anachemsha uji, nani anawasindikiza hadi kwenye gari la shule. Siku yako ya zoezi refu ndiyo siku yako ya kutofanya kazi za jikoni asubuhi, na kila mmoja ana siku yake. Maharagwe huchemshwa usiku wa kuamkia. Ikiwa hakuna mtu mzima mwingine wa kubaki na watoto wadogo, hamwezi kukimbia wote wawili kwa wakati mmoja, na ni heri kukubali mapema kwamba mtapokezana, mmoja alfajiri na mwingine jioni.

Kwa mama aliyejifungua karibuni, wataalamu wengi wa tiba ya viungo hushauri asianze kukimbia kabla ya angalau miezi mitatu, na hata baada ya hapo aanze kwa kutembea na kuimarisha misuli ya nyonga na ya sakafu ya tumbo. Mkojo kuponyoka au uzito usio wa kawaida sehemu za chini ni sababu ya kurudi hospitali, wala hayo si mambo ya kuvumilia kimya kimya.

Je, mmoja wetu awe kocha wa mwingine?

Inawezekana, na tuna mfano wa karibu. Edna Kiplagat amefundishwa na mumewe, Gilbert Koech, ambaye naye alikuwa mkimbiaji, na alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mara mbili, Daegu mwaka 2011 na Moscow mwaka 2013. Kule Daegu alianguka kwenye kituo cha maji baada ya kugongana na Sharon Cherop, akainuka na kushinda, huku Priscah Jeptoo akiwa wa pili na Cherop wa tatu. Lakini Koech alikuwa na ujuzi. Kumfundisha mwenzako kwa sababu tu una kasi kuliko yeye ni njia ya haraka ya kununiana.

Sisi tumekubaliana kwamba hakuna kutoa ushauri barabarani bila kuombwa. Mtu anayepanda kilima akiwa na kichomi hahitaji kuambiwa ainue magoti. Maoni yote huandikwa kwenye daftari na kuzungumzwa jioni, tukiwa tumekaa na tumekula. Kitu pekee kinachoruhusiwa kusemwa wakati wa kukimbia ni habari ya usalama: pikipiki nyuma, mbwa mbele, unachechemea.

Kuna giza, matope na mbwa. Tufanyeje?

Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na mwanga wa kuona njia hupatikana kama robo saa kabla. Kutoka saa kumi na moja ni kutafuta kuteguka kifundo cha mguu. Kimbieni upande unaotazamana na magari, vaeni nguo zinazong'aa, na msiweke vitu masikioni. Katika mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za udongo huwa utelezi mtupu, kwa hiyo zoezi likibidi lihamie kwenye lami fupisheni dakika kumi, kwa kuwa lami ni ngumu kwa muundi. Mbwa akija, simameni, msimpe mgongo, na mtembee polepole hadi atakapochoka. Aking'ata, osheni jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Viatu vya mitumba vinafaa?

Vinafaa vikichaguliwa vyema, iwe ni kwenye soko la Kibuye au mahali pengine. Kunja kiatu: kikikunjika katikati kama chapati, kiache, kwa sababu kinatakiwa kukunjika penye vidole. Kiweke mezani na ukitazame kwa nyuma. Kikilalia upande mmoja, kimeshakula miguu ya mtu mwingine. Bonyeza soli kwa kidole gumba, nayo irudi. Kiatu kipya hudumu takriban kilomita 500 hadi 800, na cha mitumba kimeshatumia sehemu ya hizo. Nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole huzuia malengelenge na kucha kuwa nyeusi.

Tumekosa wiki mbili nzima. Tuzifidie vipi?

Msizifidie. Kilomita zilizopotea zimekwenda, na kuzibana ndani ya wiki inayofuata ndiyo njia ya uhakika ya kupata jeraha la pili. Baada ya wiki moja ya kukosa, rudieni wiki ile mliyoishia. Baada ya wiki mbili, rudini nyuma wiki mbili na muanze kwa nusu ya dakika mlizokuwa mkikimbia, mkiongeza kidogo kidogo. Kama ni mmoja tu aliyekosa, arudi kwenye ukurasa wake wa daftari na mwingine abaki kwenye wake. Kwa kutumia mtindo wa kwenda na kurudi kwa dakika, bado mnaweza kutoka langoni pamoja.

Tutajuaje kwamba ni busara kubadilisha lengo?

Hesabuni kutoka siku ya marathoni kurudi nyuma. Zikiwa zimebaki wiki nane, kila mmoja wenu anapaswa kuwa na uwezo wa kukimbia, au kuchanganya kukimbia na kutembea, kwa kilomita 20 na bado aweze kufanya kazi zake mchana ule. Asiyeweza ahamie kwenye nusu marathoni, ambayo ni kilomita 21.0975 na hupatikana katika mashindano mengi nchini. Kubadilisha mapema huacha miguu ikiwa mizima kwa mwaka unaofuata. Na si lazima wote wawili wabadilishe. Hilo ndilo swali ambalo wanandoa huniuliza kwa sauti ya chini kuliko mengine, kama kwamba kukimbia umbali tofauti ni kutengana.

Mwaka wetu wa kwanza muundi wa baba watoto ulirudi kuuma zikiwa zimebaki wiki kumi. Tulikaa na daftari jioni mbili, akachagua 21, nami nikabaki na 42. Siku yenyewe alimaliza mapema, akavaa sweta, akatembea kurudi kando ya barabara hadi penye alama ya kilomita 38. Nilipotokea nikiwa natembea, hakuniambia niinue magoti wala niongeze mwendo. Alinionyesha vidole vinne, nikaanza kukimbia tena.